Simu Ivukayo Mpaka: Nani Huhesabu, Nani Hulipwa

Askari aliyewahi kushika zamu katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda anaijua ajabu hii. Ameketi katika gombolola ya Dranya, wilayani Koboko, katika ardhi ya nchi yake mwenyewe. Hajavuka kijito wala kizuizi cha barabarani. Mara simu yake inapokea salamu za kumkaribisha katika nchi ya kigeni. Akipiga simu nyumbani kuuliza hali ya mtoto, salio lake linakatwa kwa bei ya msafiri.

Hakuna aliyevunja sheria hapo. Mawimbi ya redio hayatambui mpaka, na mnara mmoja wa simu za aina ya GSM unaweza kusikika hadi umbali wa kilomita 35. Mnara wa nyumbani ukizimika, au kilima kikiuziba, simu huanza kutafuta mnara mwingine wowote wenye mapatano na mtandao wake, na katika Koboko mnara huo waweza kuwa wa Congo au wa Sudan Kusini. Oraba, lililo lango la kuendea Kaya ya Sudan Kusini, limo katika wilaya hiyo hiyo. Na mahali paitwapo Salia Musala mipaka ya nchi zote tatu hukutana.

Wenye kazi hiyo huiita huduma ya romingi, yaani mteja wa mtandao mmoja kuhudumiwa na mtandao mwingine awapo ugenini. Wengi hudhani ni jambo la mitambo tu. Lakini historia ya Afrika Mashariki inaonyesha kuwa ugumu wake haukuwa katika mitambo. Ugumu umekuwa daima katika hesabu: nani aandike dakika, nani apokee fedha, na nani amwamini mwenziwe kwamba kaandika sawasawa. Mtandao uvukao mpaka hufia katika daftari kabla ya kufa katika waya.

Na tuanze na mpaka wenyewe. Mwaka 1894 Waingereza walimkodisha Mfalme Leopold wa Ubelgiji eneo la Lado, magharibi ya mto Nile, kwa muda wa uhai wake. Leopold alifariki Desemba 1909. Mwaka 1910 eneo hilo likatiwa chini ya Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda. Ndipo Arua ilipoanzishwa kuwa makao ya wilaya ya West Nile. Kwa hiyo Mkakwa wa Koboko aliyekuwa mtu mzima mwaka 1909 aliwekwa chini ya serikali tatu katika muda wa miaka mitano, asihamishe hata mafiga ya jiko lake. Wakakwa wenyewe walibaki wametawanyika pande zote tatu: wa Koboko, wa Yei, na wa upande wa Congo. Kutoka West Nile hiyo hiyo walitoka askari wengi wa King's African Rifles, nao ndio waliorudi na Kiswahili majumbani. Ndiyo sababu mazungumzo haya yanaeleweka Dranya, mbali kabisa na pwani ya Bahari ya Hindi.

Sasa simu. Mwaka 1933 posta na simu za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa idara moja. Baada ya uhuru, Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliotiwa saini Kampala mwezi Juni 1967 uliligeuza jambo hilo kuwa shirika la umma la nchi tatu, Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, na makao yake makuu yakawekwa Kampala. Kijana wa leo huenda asiamini, lakini mtu aliyepiga simu kutoka Kampala kwenda Nairobi au Dar es Salaam hakuwa akipiga simu ya nchi za nje. Simu za kwenda ng'ambo, London au Bombay, zilishughulikiwa na kampuni nyingine iliyoundwa kwa kazi hiyo. Ndani ya Afrika Mashariki shirika lilikuwa moja, wafanyakazi wake wakihamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine, na vitabu vyake vya hesabu vilikuwa vya shirika moja.

Shirika hilo halikuuawa na ubovu wa nguzo wala na upungufu wa mafundi. Kila nchi ilikusanya mapato ya simu katika ardhi yake, nayo yalipaswa kupelekwa makao makuu ili yagharimie kazi ya wote. Katika miaka ya 1970 mambo mawili yalikutana. Baada ya mapinduzi ya Januari 1971 yaliyomweka madarakani Idi Amin, ambaye asili yake ni Wakakwa hao hao wa Koboko, Mwalimu Julius Nyerere alikataa kuketi naye katika kikao cha wakuu wa Jumuiya. Kisha kila serikali ikaanza kuzibana fedha za kigeni, na mapato ya mashirika ya Jumuiya yakakwama katika nchi yalikokusanywa. Makao makuu yakadai, matawi yakachelewesha, kila upande ukauona mwingine mdaiwa sugu. Ilipofika katikati ya mwaka 1977 Jumuiya ilikuwa imekwisha, na kila nchi ikaunda shirika lake la posta na simu. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka huo, na ukakaa hivyo hadi mwaka 1983. Mwaka 1984, kwa usuluhishi wa Victor Umbricht wa Uswisi, mali na madeni yaligawanywa: Kenya asilimia 42, Tanzania asilimia 32, Uganda asilimia 26. Ilichukua miaka saba kukubaliana nani anamdai nani.

Wakati Afrika Mashariki ikigawana viti na mitambo ya zamani, Ulaya ilikuwa ikitayarisha simu ya mkononi ya kiwango kimoja, na mwaka 1992 kampuni ya Finland na ya Uingereza zilifanya mapatano ya kwanza ya kuhudumiana wateja wa GSM. Utaratibu waliouweka askari atauelewa upesi, maana ni utaratibu wa lango la kambi. Mgeni akifika langoni, mlinzi hamjui. Humsimamisha, humwuliza kikosi chake, kisha hupeleka ujumbe kwenye kikosi hicho: je, mtu huyu ni wenu? Ana ruhusa? Apewe nini, na gharama aandikiwe nani? Jibu likirudi, mgeni hupewa posho na malazi, na hati ya gharama hupelekwa kwa wenye mtu. Simu hufanya hivyo hivyo kwa nukta chache. Mnara wa Congo ukiisikia kadi ya Uganda, mtandao wake huuliza Kampala. Kampala hujibu. Na mwisho wa kazi, orodha ya dakika hutumwa Kampala pamoja na ankara.

Katika maswali yale ya mlinzi mna mambo mawili ambayo wataalamu huyatenganisha: masharti na malipo. Sharti ni kile mgeni anachoruhusiwa kupewa, na malipo ni hesabu ya kile alichokwisha kupewa. Kwa mteja anayelipa mwisho wa mwezi mambo haya hayana haraka. Kwa mteja anayenunua muda wa maongezi kwanza, ambaye ndiye mteja wa kawaida wa Afrika, ni tatizo kubwa. Salio lake limo katika kompyuta ya Kampala. Yeye yuko Congo. Asipoulizwa salio kabla ya simu kuunganishwa, na tena wakati anaendelea kuzungumza, atazungumza hata fedha alizonazo zimekwisha, na kampuni ipate hasara. Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi romingi ilikuwa anasa ya mabalozi, wakurugenzi na wageni wa mahoteli. Koplo aliyepangiwa kazi nje ya mpaka hakuhesabiwa.

Mabadiliko yalikuja kutoka mahali ambapo wengi hawakutazamia. Mwaka 1998 Mo Ibrahim, mhandisi mzaliwa wa Sudan, aliunda kampuni iliyokuja kujulikana kama Celtel. Kampuni hiyo ilikuwa na mitandao Uganda na Tanzania, na mwaka 2004 ikaingia Kenya. Mwezi Septemba 2006, ikiwa tayari mikononi mwa Wakuwait walioinunua mwaka uliotangulia, Celtel ilitangaza mpango wa One Network. Mteja wa Uganda akiwa Kenya au Tanzania angepiga simu kwa bei ya wenyeji, angepokea simu bila kukatwa kitu, na angeongeza salio kwa vocha ya nchi aliyomo. Na jambo hilo lilikuwa la mteja wa kulipa kabla. Mwaka 2007 mpango ukapanuliwa hadi nchi nyingine, Congo na Sudan zikiwamo.

Nchi za Umoja wa Ulaya, pamoja na utajiri wao, zilianza kupunguza bei za romingi kwa sheria mwaka 2007, na ziliondoa nyongeza hizo tarehe 15 Juni 2017. Afrika Mashariki ilitangulia kwa zaidi ya miaka kumi. Inafaa kulisema hilo bila haya, kwa kuwa tumezoea kuambiwa kwamba kila kitu kipya hutufikia kikiwa kimechakaa.

Lakini mbona kampuni iliweza jambo lililowashinda wakuu wa nchi mwaka 1977? Jibu halina uchawi wowote. Kampuni ile ilikuwa pande zote za mpaka, ikiwa mdai na mdaiwa kwa wakati mmoja. Dakika iliyotumiwa Nairobi na mteja wa Kampala ilihamishwa kutoka mfuko mmoja wa kanzu kwenda mwingine. Washindani wake, ambao katika kila nchi walikuwa kampuni tofauti, walilazimika kufanya mapatano baina yao ili wateja wasiwakimbie, na wakayafanya. Hata hivyo yalikuwa mapatano ya wafanyabiashara. Mwenye mali akibadilika, neno laweza kubadilika. Na mali ile ilibadilika tena, kwani mwaka 2010 mitandao hiyo, ikiwa imekwisha kuitwa Zain, iliuzwa kwa Bharti Airtel ya India.

Karibu na Dranya kulikuwa na kisa kingine ambacho wanahistoria hawajakipa nafasi yake. Baada ya Mkataba wa Amani wa Januari 2005 uliosimamisha vita vya Sudan ya Kusini, serikali mpya ya Juba ilihitaji simu, na simu za Sudan zote zilipitia Khartoum kwa msimbo wa 249. Kampuni ya Gemtel ilianza kazi huko Kusini kwa kutumia msimbo wa Uganda, 256. Kwa daftari za simu za dunia, mtu wa Juba mwenye kadi ya Gemtel alikuwa Uganda! Watu waliokuwa wamepigana na Khartoum kwa zaidi ya miaka ishirini hawakupenda mazungumzo yao yapite mikononi mwa adui wa jana, wakapendelea kuazima namba ya jirani. Baada ya uhuru wa Julai 2011 Sudan Kusini ilipewa msimbo wake, 211, na namba zile za kuazima zikaachwa. Katika kipindi hicho chote mpaka wa simu haukuwa pale Oraba. Ulikuwa mamia ya kilomita kaskazini yake.

Upande wa Congo hadithi ni nyingine, maana huko wananchi wenyewe ndio walioamua. Katika masoko ya Aru na Ariwara shilingi ya Uganda imekuwa fedha ya kila siku kwa miaka mingi, na kadi za simu za Uganda zimefuata njia ya shilingi. Mfanyabiashara hununua kadi mbili au tatu, huchomoa hii na kuingiza ile kulingana na mnara unaosikika, na hivyo huiepuka romingi kabisa. Njia hii ni ya werevu, na ni ya gharama ndogo. Ila kwa mpelelezi ni mzigo, kama tutakavyoona.

Serikali nazo hazikulala. Mwaka 2014 wakuu wa Kenya, Uganda na Rwanda, katika mpango wa Ushoroba wa Kaskazini, walikubaliana kuzifanya nchi zao eneo moja la simu. Sudan Kusini ikaungana nao. Mapatano hayo, yaliyoanza kutumika mwishoni mwa mwaka 2014 na mwanzoni mwa 2015, yalihusu kwanza maongezi ya sauti. Kupokea simu ugenini kukawa bure. Bei ya juu ya kupiga ikawekwa senti 10 za dola ya Marekani kwa dakika, na malipo ya kampuni kwa kampuni yasizidi senti 7. Ushuru ambao nchi zilikuwa zimeuweka juu ya simu ziingiazo kutoka nje ukaondolewa kwa simu za nchi hizo. Kifungu hicho cha senti 7 ndicho moyo wa mapatano yote, ingawa msomaji wa magazeti hukiruka. Ndicho kilichoamua mapema nani anamdai nani, na kiasi gani. Laiti kifungu cha namna hiyo kingalikuwapo na kuheshimiwa katika Shirika la mwaka 1967!

Kila tofauti ya bei huzaa mlanguzi. Simu za kutoka mbali zilipoendelea kutozwa ushuru na za jirani zikasamehewa, walitokea watu wa kuzivisha simu za mbali nguo za jirani. Huziingiza kwa intaneti, kisha huzitoa kupitia sanduku lenye kadi nyingi za simu ili zionekane simu za hapa hapa. Polisi wa Uganda na wa Kenya wamewahi kukamata masanduku hayo katika nyumba za kawaida za kupanga. Si kosa dogo. Serikali hupoteza ushuru, na namba inayotokea kwenye simu ya mpokeaji huwa ya uongo. Mpelelezi anayeifuata hufika mahali ambapo mpigaji hakuwahi kukanyaga.

Kwa upande wa intaneti ya simuni, udhibiti wa masharti na malipo umekuwa kazi ya mitambo maalumu. Chombo cha kimataifa cha kuweka viwango vya simu, 3GPP, kiliupanga utaratibu huo katika toleo la 7 la viwango vyake, lililokamilika mwaka 2007. Toleo la 8 likaongeza namna mtambo wa masharti wa nyumbani unavyozungumza na ule wa ugenini. Aghalabu kila kitu cha mgeni hurudishwa kwao kwanza. Askari wa Uganda aliyeko Congo akifungua picha, ombi lake husafiri hadi Kampala, huko huangaliwa kama ana salio na kama kifurushi chake kinaruhusu, kisha jibu humrudia. Ndiyo maana huwa polepole, na ndiyo maana kifurushi alichonunua nyumbani huenda kisimfae kitu akivuka: sharti lake limeandikwa kwamba ni cha ndani ya nchi tu. Aliye mpakani afanye vyema kuizima romingi ya data na kuchagua mtandao kwa mkono badala ya kuiachia simu ichague.

Fedha si jambo pekee, wala kwa askari si jambo kubwa zaidi. Simu inapojiandikisha katika mnara wa kigeni, mtandao wa nchi hiyo hupata habari kwamba kadi ya nchi fulani iko mahali fulani, saa fulani. Kadi moja haina maana. Kadi arobaini za Uganda zikijiandikisha kwa pamoja usiku mmoja katika mnara wa porini ni taarifa kamili ya kijeshi, na hakuna aliyeifanyia ujasusi. Imeandikwa na mtambo wa kutoza fedha kwa ajili ya ankara. Majeshi ya Uganda yaliingia Sudan Kusini mwishoni mwa mwaka 2013, na tangu Novemba 2021 yamefanya kazi pamoja na jeshi la Congo katika operesheni ya Shujaa. Katika safari ya kwanza simu za mikononi zilikwisha kuwa mifukoni mwa askari wengi. Amri ya kuzima simu, ambayo vijana huiona ukali wa makamanda tu, ina sababu yake katika daftari hilo la malipo.

Kwa polisi daftari hilo hilo laweza kuwa shahidi. Uganda ilipata sheria ya kuingilia mawasiliano mwaka 2010, na uandikishaji wa kadi za simu ukaanza mwaka 2012. Tangu hapo namba ya Uganda ina jina, kwa kadiri uandikishaji ulivyofanywa kwa uaminifu. Namba ya kigeni iliyoko Uganda haina jina katika daftari za Uganda. Jina liko kwao. Mahali na saa viko hapa. Mhalifu aliyeiba ng'ombe Dranya akatumia kadi ya Congo ameugawa ushahidi wake katika nchi mbili, nusu moja Kampala na nusu Kinshasa, na hakuna nusu inayotosha mahakamani bila nyingine.

Wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki wana jumuiya yao tangu mwaka 1998, EAPCCO, ambayo katibu wake ni ofisi ya Interpol ya Nairobi, na kwa njia hiyo maombi ya namna hii huweza kupitishwa. Njia ya kawaida ya kuomba msaada wa kisheria kati ya serikali mbili ni ndefu zaidi. Kampuni za simu nazo hazihifadhi kumbukumbu milele. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Congo mwaka 2022, kwa hiyo nchi zote tatu zinazokutana Salia Musala zimo sasa katika Jumuiya moja. Lakini Congo haikuwamo katika mapatano ya simu ya mwaka 2014, wala Tanzania na Burundi hazikuwamo. Ankara za kampuni huvuka mpaka kila siku bila kukawia, kwa kuwa kila kampuni inataka fedha yake. Ombi la mpelelezi wa Koboko anayetaka kujua jina moja la mwenye kadi huvuka mpaka huo huo kwa barua, likiwa na mihuri, na hungoja zamu yake.